Viti Vyangu na Mdomo wa Mjomba Wako

Jumatatu, 3 Machi

Umekuja, sivyo? Umekaa kwenye kitanda changu, umechomoa daftari chini ya mto, unasoma. Haya, soma. Lakini kwanza nikuulize: ulikuwa wapi? Tangu uondoke paka amezaa, wanawe wamekua, nao wamezaa. Mimi ni bibi yako, siyo sanamu ya mjini ya kupitwa na kupungiwa mkono. Usiniambie ulipiga simu. Simu haili, hainywi, hainikuni mgongo. Aibu! Na umekonda, najua bila kukuona. Chungu kiko jikoni. Pakua kwanza, ule, halafu urudi hapa.

Umeshiba? Sasa sikia ya mjomba wako.

Kafungua mdomo tena. Redioni! Mtangazaji kamuuliza kwa adabu zake zote, eti chama chenu kina mipango gani. Mtu mwenye akili hujibu mipango ni mizuri, asante. Mjomba wako kajibu kwamba chama chao kinaongozwa na godoro. Kwamba mwenyekiti wao husinzia tangu ajenda ya kwanza, huamka kwenye mengineyo, huahirisha kikao, huenda nyumbani kulala. Nchi nzima imesikia. Kufikia adhuhuri wauza nyanya walikuwa wanamwita mwenyekiti Godoro. Mimi pia namwita Godoro. Jina likishakaa limekaa.

Na ni kweli analala. Mimi ndiye ninayewakodisha viti vya mikutano, nimemwona kwa macho yangu, kidevu kifuani, mate yanamtoka kama mtoto anayeota meno. Lakini kila ukweli una saa yake, na mwanangu huyu hajawahi kuwa na saa.

Jumanne, 4 Machi

Nyinyi mnamjua mjomba wenu kwenye picha. Mimi namjua tangu tumboni. Hakulia alipozaliwa, alilalamika.

Chama cha kwanza, hiki kilichoko madarakani, walimtimua alipouliza kwa nini vyoo vya soko vimezinduliwa mara mbili na bado havina milango. Chama cha pili alikianzisha yeye na wenzake watatu. Wale watatu wakapiga kura, wakamfukuza. Hiki ni cha tatu, na hiki ndicho kilichompa ubunge. Bungeni alitolewa nje kwa kumpelekea waziri wa maji chupa ya maji ya bomba letu, rangi yake kama chai isiyo na maziwa, akamsihi anywe. Waziri akasema hana kiu. Mkandarasi akamshtaki kwa kusema daraja lake ni la biskuti. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, daraja likakatika. Kesi ikafutwa. Daraja hadi leo hatuna, lakini tulicheka.

Siku polisi walipomnyang'anya kipaza sauti uwanjani aliendelea kuhutubia bila hicho, na waliokuwa ng'ambo ya reli wakasikia kila neno. Ndipo akaitwa Kipaza. Nilimpelekea uji mahabusu. Askari akasema lazima aukague kwa kijiko. Nilimtazama shingo yake, nyembamba kama ya kuku wa deni, nikamwambia akague hadi nusu ya bakuli. Alikagua. Wana wa watu wanatumwa na njaa zao.

Sasa tatizo. Kamati kuu ya chama inakaa Jumamosi kuamua kama avuliwe uanachama. Akivuliwa, ubunge unakwenda naye, ndivyo sheria ilivyo. Na wale wa serikalini wanamsubiri mlangoni kama mbwa wa buchani. Watampa cheo, atanyamaza. Wewe ulizaliwa sakafuni kwenye wodi ya wazazi, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimoja na kilikuwa na wanawake wawili. Leo kuna vitanda, kwa sababu mjomba wako alipiga kelele hadi wakachoka. Upande wa pili bado hauna paa. Akinyamaza, wanawake watazalia mvuani. Hilo ndilo lililonitoa usingizi.

Alipita jioni kunywa chai. Nilimwambia nitamsaidia. Aliweka kikombe chini kama mtu aliyeona nyoka.

"Mama, nakuomba. Usifanye lolote."

Akanieleza kwamba kamati imeshamkalia mara tatu, na mara zote tatu mambo yamekuwa yale yale. Wanakaa, wanasoma kumbukumbu, wanabishana, Godoro analala, jua linazama, Godoro anaamka na kuahirisha. Safari hii ameandika na barua ya kuomba radhi, kurasa nyingi, itamaliza mchana mzima. Kikao hakitaamua kitu. Hajawahi kuona kikao cha chama kile kikiamua kitu.

Nikamwapia kwamba sitafanya lolote. Alipoondoka nikaenda stoo kuvitazama viti.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Usingizini kabisa, nikaamka nimekaa.

Chama chao hakina viti. Vya kwao walivunjiana vichwani kwenye uchaguzi wa ndani, mwaka ule wa amani na upendo. Tangu hapo kila kikao hukodi kwangu. Sasa fikiri nami: bila viti watakaa wapi? Na wasipokaa, kikao kiko wapi? Umewahi kuona watu wazima wakifanya kikao wamesimama? Hiyo ni foleni. Watafika, watatazamana, watarudi makwao. Mwanangu anabaki na kadi yake. Wasomi wote wale wanaomzunguka, na wanasheria wake wawili, hakuna aliyeliona hilo. Wanabukua sheria. Sheria inasomwa na mtu aliyekaa!

Katibu wa chama akaja saa ya chai kuagiza viti vya Jumamosi. Unamkumbuka, yule mwembamba anayebana mkoba kwapani kama kuku atakayemtoroka. Nikamwambia pole, viti vinapakwa rangi. Akauliza kama plastiki hupakwa rangi. Nikamuuliza vya kwake ameshawahi kuvipaka. Akasema hana. Basi anyamaze.

Lakini mimi sisemi uongo nikauacha peke yake barabarani. Alipotoka tu nikanunua rangi nyeupe, nikaanza. Mgongo umekatika, mke mwenzangu. Na rangi ile haishiki kwenye plastiki. Haikauki pia. Imekaa tu pale juu, inanata, inakusanya nzi na manyoya ya kuku. Viti vyangu vyote sasa vina manyoya. Potelea mbali, uongo wangu ni wa kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimsahau Mama Riboni!

Huyo hapo mtaa wa pili, aliyeingia kwenye biashara ya viti juzi tu, baada ya kuona mimi nakula. Anavivisha viti vyake vitambaa na kuvifunga utepe wa waridi mgongoni. Eti kiti kitupu hakina heshima. Kiti! Kazi yake ni kubeba matako, anakitaka kiwe bibi harusi. Na watu wanamwendea, kwa sababu watu hawana akili.

Asubuhi nikiwa napepea rangi, nikamwona katibu anakata kona kuelekea kwake, mkoba kwapani. Moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili. Nikapita uani kwa fundi viatu, nikaruka mtaro. Ndiyo, niliruka, na magoti haya. Nikamfikia Mama Riboni kabla yake. Nikasema nataka viti vyake. Vyote. Kesho hadi Jumapili.

Akaniuliza mwenye viti anakodi viti vya nini.

Ulimi ukanitangulia. Nikasema mjukuu wangu anachumbiwa.

Ni wewe. Hongera.

Akapiga kigelegele cha chinichini, kile cha wivu. Akasema alishaanza kukuhurumia. Nikamwambia huruma zake aziweke zimsaidie uzeeni. Akauliza mchumba anafanya kazi gani. Mhandisi. Mhandisi wa nini? Wa mambo mengi. Akauliza rangi ya utepe. Nikamwambia wa waridi huo huo, mjukuu wangu hana makuu. Nikatoa akiba ya kununua mabati ya jikoni, nikamwekea mkononi, na hapo hapo katibu akabisha mlango. Nilimsikia Mama Riboni akimwambia pole baba, umechelewa, kuna shughuli ya maana kwa bibi.

Mvua ikinyesha jikoni nitainama nipike kwa mwavuli. Mwanangu kapona.

Ijumaa, 7 Machi

Viti vya Mama Riboni vimejaa uani, barazani, hadi kwenye ujia wa choo. Kwenda haja lazima upite katikati ya wageni ambao hawapo. Kuku ametaga juu ya kimoja, kwenye kitambaa, na sina ubavu wa kumfukuza kwa jinsi alivyotulia.

Katibu karudi. Safari hii hakuwa na majivuno hata chembe. Alikuwa amekwenda shule ya jirani kuomba madawati. Mwalimu mkuu kamwambia madawati ni ya serikali na hayawezi kukaliwa na wapinzani. Akaenda kwa mwenye baa, naye kasema viti vyake viko na wateja. Akasimama pale langoni pangu, akaviangalia viti vya waridi, safu kwa safu, akanitazama mimi. Nikasema uchumba. Akasema Mungu awabariki.

Kisha akaomba kimoja. Kimoja tu, cha Godoro, maana mzee mguu unamsumbua. Wengine watavumilia.

Nilikaribia kumpa. Nakwambia kweli, mkono ulishagusa kiti. Mtu mzima, mguu mbovu, mama yake alikuwa mtu mwema. Lakini nikajiambia: Godoro akikaa, kikao kimekaa. Mtu mmoja tu akikaa, wengine watajiona wako mkutanoni. Nikamwambia haiwezekani, seti ya watu haivunjwi. Nikampa chai, na mkate wa kwenda nao, kwa sababu yule mtoto hali. Akanishukuru. Akaondoka taratibu, mgongo umepinda.

Mwanangu alipiga simu jioni kuuliza kama ninatulia. Nikasema nimetulia kama maji ya mtungini.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Nilikwenda ukumbini kwao mapema, nikajifanya nimekuja kupima mapazia, nikajibanza dirishani kwa nje. Wajumbe wakaingia mmoja mmoja. Wakaangalia sakafu. Wakaangaliana. Nikacheka moyoni, nikangoja waondoke.

Hawakuondoka! Katibu akasema kwa kuwa wote wamesimama, wanaombwa wawe wafupi.

Hivyo tu. Wafupi! Watu ambao humaliza saa nzima kumkaribisha mgeni rasmi. Wimbo wa chama, ubeti mmoja. Kumbukumbu za kikao kilichopita, zichukuliwe kama zimesomwa. Ajenda ya fedha, ambayo huwa wanashikana mashati, ikapita kwa kuguna. Mwenyekiti wa kinamama akavua viatu, akavishika mkononi kama samaki. Mzee mmoja kaomba mengineyo yafutwe, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Tangu nianze kukodisha viti sijaona mtu akipigiwa makofi kwenye chama kile kwa kufuta kitu.

Na Godoro macho yako wazi. Alijaribu kuegemea ukuta, macho yakaanza kufumba, akateleza, akashtuka. Akajaribu tena, akashtuka tena. Mguu wake ulikuwa unamchoma na hasira zikapanda nao. Mimi nimemjua mzee yule miaka na miaka, leo ndiyo mara ya kwanza nimeona rangi ya macho yake. Ya kahawia.

Mwanangu akatoa barua yake ya radhi. Ukurasa wa kwanza nusu, mtu kasema fupisha. Mjomba wako hajui kufupisha! Ni sawa na kumwambia bomba bovu livuje kidogo. Akababaika, akaikunja barua, akasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anasikitika kwa neno lile, na kwamba leo amemwona mwenyekiti akiwa macho kikao kizima, na anampongeza.

Wakacheka. Wote, hata katibu. Godoro hakucheka. Akaacha ukuta, akasimama bila kuegemea kitu.

"Mbunge huyu alisema nalala. Leo sijalala. Tupige kura sasa hivi."

Mikono ikaenda juu. Wengine nakuapia hawakujua wanapigia nini, walitaka kwenda nyumbani. Wamemvua. Chai aliyoiweka katibu dirishani kabla ya kikao ilikuwa bado inatoa moshi.

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikafika, nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikaganda. Rangi.

Jumapili, 9 Machi

Kaja. Hakubisha hodi. Kapita katikati ya viti vya waridi, kachagua kimoja karibu na jiko, kakaa. Kafungua utepe, kaufunga, kaufungua. Nikajua anajua.

Kaniuliza viti ni vya nini. Nikasema uchumba. Kauliza wa nani. Nikamwambia, "Wako. Yaani wa mpwa wako." Ulimi wangu ulishaanza kulegea. Akaangalia stoo, akaona vyangu vimepangana na manyoya yao. Akaufunga utepe, akauacha.

"Mama, umenifukuzisha chama kwa viti."

Nikasema si viti, ni miguu ya watu. Nikasema Mama Riboni alikuwa na kinyongo. Nikasema na yeye nani alimtuma kumpongeza mtu. Mwisho nikampakulia. Akala. Nilimwangalia akila kama alivyokuwa akila akirudi shule amepigwa, kichwa chini, haraka, bila kutafuna.

Kisha akaniambia wa serikalini wamepiga. Unaibu waziri. Gari, nyumba, dereva. Ajibu leo hii.

Mimi sikupanga neno. Nilimwambia akienda kwao nitampigia kura, maana nimemzaa, lakini chakula atakula kwao. Akauliza kama namaanisha. Nikamwondolea sahani mbele yake, na nyama ilikuwa bado ipo.

Simu ikalia. Akaongea nayo palepale, kiti cha waridi kikilia chini yake. Aliwauliza swali moja: huo unaibu unakuja na paa la wodi ya wazazi? Nikasikia sauti ya mtu upande wa pili ikisema hilo litajadiliwa huko mbele. Akawashukuru, akakata. Akasema atagombea mwenyewe kwenye uchaguzi mdogo, bila chama chochote. Akasema na huko akifukuzwa atakuwa amejifukuza mwenyewe.

Nikamrudishia sahani. Nikaongeza nyama. Niligeukia ukutani kidogo, moshi wa jiko uliniingia machoni.

Alipoondoka alinishika mikono yote miwili, akaniapisha. Sitagusa kampeni yake. Sitamsaidia. Sitawaza. Nikaapa, na machozi juu.

Mama Riboni kaja kuchukua viti vyake, kaona yai, kanuna. Kauliza kuhusu mhandisi. Nikamwambia nimemfukuza, alikuwa na mdomo mrefu. Kwa hiyo usiku huu wewe huna mtu tena. Pole.

Jumatano, 12 Machi

Nimekaa nimetafakari kosa langu, na nimelielewa vizuri. Bibi yako siyo mtu wa kujikwaa kisiki kile kile.

Kosa lilikuwa kuwanyima viti. Ukimnyima mtu kiti unamwamsha. Dawa ni kumpa. Umpe vingi! Umpe hadi vimzidi!

Sikia. Leo katibu kaja, amenawiri kidogo. Chama chao kinazindua mgombea wao mpya wa kiti cha mjomba wako, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, uwanja wa soko. Mgombea mwenyewe kijana anayeongea kama anasoma maelekezo ya dawa. Katibu anataka viti mia. Nikamwambia kwa heshima ya yaliyopita nitampa mia tano kwa bei ya mia. Machozi yalimlengalenga. Akasema watu hawanifahamu.

Mia tano, na watu wao hawafiki themanini! Wewe piga picha hiyo. Bahari ya viti vitupu na kijana wa dawa katikati. Magazeti yataandika yenyewe. Vyangu nimevisugua kwa mafuta ya taa, manyoya yametoka mengi. Vinavyopungua nitakodi tena kwa Mama Riboni. Nimemwambia mhandisi amerudi kuomba msamaha.

Mjomba wako hajui. Niliapa sitawaza, na sikuwaza, lilinijia lenyewe.

Hofu yangu ni moja tu. Watu wa soko husimama siku nzima. Wakiona viti mia tano vya bure, chini ya turubai, kivulini, si wanaweza kuja kukaa tu? Hapana. Hawawezi. Nimelipima hilo, haliwezi kutokea.

Lakini ukija siku hiyo, na utakuja, usiniletee simu, usipitie nyumbani kwanza. Nenda uwanjani moja kwa moja na wenzako wote wa kazini. Mkae safu ya mbele, mchangamke, mpige makofi. Yule kijana akishika tu kipaza sauti, muondoke mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka wameacha sufuria motoni.